Jalada Utakalolikuta Manyoni

Mitundu, Jumamosi mchana

Baba yako hakutushinda mahakamani. Mimi ndiye sikwenda.

Nimeliandika hilo kabla ya salamu kwa sababu najijua. Nikianza na salamu nitajaza ukurasa mzima habari za kuku na mvua, halafu nitakunja karatasi na kusema basi, nitamwambia siku nyingine. Hizo siku nyingine zimeshapita nyingi. Sasa ndiyo nakusalimu, Yunis mwanangu. Najua tumeamkiana asubuhi hii hii na shikamoo yako nimeipokea, lakini barua nayo ina heshima yake.

Hivi ninavyoandika umekwenda kanisani kuagana na wanakwaya, na mdogo wako Rahabu umemchukua. Nina muda mpaka mrudi. Barua hii nitaiweka kwenye begi lako, chini ya ile sketi nyeusi ya kazini, uikute kesho ukishafika Manyoni. Sitaki uisome nikiwa nakutazama. Mambo ya kufunga mlango na kuchemsha maji ya kunywa sikuandikii. Hayo umeyasikia mpaka umechoka.

Unajua nilivyojisifu wiki hii. Nimemwambia mwenye duka, nimemwambia mchungaji, nimemwambia mpaka kijana wa bodaboda ambaye hata jina langu halijui, kwamba binti yangu mkubwa ni karani wa mahakama, na hakimu hawezi kuanza kesi mpaka mwanangu ampelekee jalada. Si ndivyo ulivyonieleza mwenyewe? Lakini kila nikilitaja hilo neno jalada, naharakisha kubadilisha mazungumzo. Maana huko huko unakokwenda, kwenye rafu za miaka ile, kuna jalada lenye jina langu na la baba yako. Kazi yako ni majalada. Siku moja utalishika, utaona majina, na utalifungua, hata mimi ningelifungua. Ndani utakuta kitu tofauti na nilichokwambia.

Acha nianzie kwenye mashine ya alizeti, ndipo kosa langu la kwanza lilipo.

Baba yako alipotaka kununua mashine ya kukamua mafuta, benki ilitaka dhamana, na dhamana tuliyokuwa nayo ni nyumba. Afisa wa benki akasema nyumba hii ni ya mume na mke, kwa hiyo mke naye lazima asaini kwamba amekubali. Nilivaa gauni la Pasaka siku hiyo. Yule afisa, mtu mpole tu, aliniuliza, "Mama, umeelewa unachosaini?" Nikamjibu kwamba mimi nimemaliza darasa la saba Ulemo, na kwenye hesabu nilikuwa wa pili darasani. Hakuniuliza hesabu, mwanangu. Aliniuliza kama nimeelewa kwamba mashine ikishindwa, nyumba inaondoka. Nikasaini kwa mwandiko wangu ule mzuri unaoujua. Akili yangu yote ilikuwa kwenye jinsi nitakavyoitwa mama mwenye mashine.

Na kweli niliitwa. Misimu mitatu niliitwa. Wewe ulikuwa unakwenda shule na soksi mbili mbili.

Halafu alizeti ikakataa mwaka wa kwanza, ikakataa na wa pili, na baba yako alikuwa ameshachukua magunia ya wakulima kwa ahadi ya kuwalipa akishauza mafuta. Benki inadai, wakulima wanadai, mwenye lori anadai. Siku dalali alipokuja kuorodhesha vitu watu walijaa mpaka kwenye uzio. Wewe ulikuwa shuleni, na jambo hili sijawahi kukusimulia. Yule kijana wa dalali aliandika mashine, mota, mizani, meza, viti vya sebuleni, akafunga daftari. Orodha ikawa fupi. Nikamwona mke wa mwenye duka anachungulia. Niliona aibu, Yunis. Siyo aibu ya kufilisika. Niliona aibu kwamba nyumba yangu haina vitu vya kujaza karatasi. Nikamwambia yule kijana, "Umesahau cherehani." Akaniuliza cherehani ni ya nani. Cherehani ilikuwa yangu, nimeinunua kwa asali yangu kabla hata mashine haijafikiriwa, na risiti nilikuwa nayo. Ningesema hivyo asingeigusa. Nikamjibu, "Ni ya nyumba hii. Nyumba hii ina kila kitu." Akaiandika. Iliuzwa saa ile ile, ya tatu, baada ya mizani.

Ndiyo maana sare zako za kidato cha pili zilishonwa kwa watu.

Nyumba nayo ilipokwenda, madeni hayakuisha. Baba yako akaenda mwenyewe mahakamani kuomba atangazwe kuwa amefilisika, ili wanaomdai wakae kwenye mstari mmoja badala ya kila mmoja kumkamata shati kwa wakati wake. Mimi nililiona hilo kama tusi kwangu. Nilimwambia maneno ambayo sitayaandika hapa, naye akanijibu mengine. Watu wanasema deni ndilo lililotuachanisha. Deni lilitukuta tumeshalegea. Tulifika baraza la usuluhishi la kata, wazee wakatusihi, tukakaa pande mbili za chumba kama watu waliokuja kwa shughuli tofauti. Mahakama ikatoa talaka. Mali ya kugawana haikuwepo, maana wanaodai walishachukua, na kilichobaki kilikuwa masufuria na ile mizinga yangu kumi na minne ambayo, Mungu ashukuriwe, ilikuwa porini na sikuweza kumwonyesha dalali.

Mnapoachana na mtu aliyefilisika mnagawana hewa. Hilo nilikuwa nimeshalielewa. Ambalo sikulielewa ni hili la ninyi.

Hakimu alisema suala la matunzo ya watoto litasikilizwa siku yake, ili baba yako alete karatasi za kuonyesha anapata nini. Nikarudi nyumbani kusubiri siku hiyo. Ndipo mjomba wako Zefania akaja, akakaa, akanywa chai yangu vikombe viwili na kuniambia, "Dada, unajisumbua. Mtu aliyetangazwa mufilisi ni sawa na marehemu. Marehemu utamdai nini?" Kaka yangu unamjua anavyozungumza, utadhani sheria ilitungwa nyumbani kwake. Nikamwamini. Sitamsingizia, nilimwamini kwa sababu nilitaka kumwamini. Maana nilikuwa nimeshamwambia baba yako sokoni, watu wanasikia, kwamba asije akaleta hata kijiko kwenye nyumba yangu, watoto wangu nitawalisha kwa nyuki wangu. Sasa nikasimame mbele ya hakimu niseme nahitaji?

Pamoja na hayo, siku ilipofika nilivaa. Nataka ulijue hilo. Nilivaa, nikaenda stendi alfajiri, nauli mkononi. Wakafika akina mama watatu wa kwaya wanaokwenda Itigi. Mmoja akaniuliza, "Mama Yunis, safari ya wapi na mapambo hayo?" Nikasema nakwenda kuuza asali. Akatazama mikono yangu. Mwenzake akacheka, akasema labda asali yenyewe imetangulia kwa miguu.

Nikarudi nyumbani kuchukua ndoo ya asali, ili nisionekane mwongo.

Nilipofika stendi na ndoo yangu, basi lilikuwa limeondoka. Nikasimama pale. Na nitakuandikia ukweli wote, kwa sababu nusu yake nimeshauandika: nilifurahi. Moyo ulitulia kabisa. Nikasema, basi, Mungu hakutaka. Jioni uliponiuliza mahakama imesemaje, nikakujibu kwamba mahakama imesema baba yenu amefilisika, hadaiwi tena kitu, hata cha watoto. Nikalisema kwa sauti ya kukasirika, nawe ukakasirika pamoja nami, na nikaona vizuri kwamba hasira yetu ni moja.

Mwaka ule ule ulichaguliwa kwenda kidato cha tano. Nakumbuka ile karatasi ya mahitaji ya shule kuliko ninavyokumbuka cheti changu cha ndoa. Ada, ndoo mbili, shuka za bluu, godoro. Nyuki nao mwaka ule walihama, moto uliingia msituni, mizinga tisa iliungua. Nafasi ikapita. Ukakaa nyumbani mwaka mzima ukiuza maandazi, na hukulalamika hata siku moja, na kutolalamika kwako ndiko kulikoniumiza. Halafu ukaja na ile fomu ya chuo, cheti cha sheria. Nikakuuliza kwa nini sheria. Ukasema, "Mama, nataka nifanye kazi mahakamani. Nataka nimwone mtu anayeandika kwamba baba hadaiwi na watoto wake."

Nilikuwa napepeta mahindi. Niliendelea kupepeta.

Kwa hiyo kesho unapokwenda, unakwenda kumtafuta mtu ambaye hayupo. Aliyesema hivyo ni mimi. Kazi umeisomea, umeipata kwa haki, na najivunia mpaka majirani wananikwepa, lakini mlango uliokuingiza niliufungua kwa uongo. Ndilo linaloninyima usingizi tangu barua yako ya ajira ilipofika.

Utaniuliza nimejuaje yote haya sasa. Msimu uliopita kikundi chetu cha wafuga nyuki kilinituma Rungwa kununua nta. Nikamkuta baba yako kwenye banda la kuchujia asali, anamfanyia kazi mtu. Amekonda, nywele zimeingia mvi upande mmoja tu. Alinikaribisha chai. Mimi nikaona nimchome kidogo, nikamwambia kwamba yeye mjanja, ufilisi ulimwokoa na matunzo. Akaweka kikombe chini.

"Nani alikwambia?"

"Kaka Zefania."

"Zefania huyu anayefuga njiwa?" Akacheka, kisha akaacha. "Mama Yunis, mimi siku ile nilikwenda. Nilikaa kwenye benchi mpaka saa nane. Nilikuwa na karatasi ya kibarua changu, nikaambiwa hakimu ataitazama kisha apange kiwango. Jina lako liliitwa mara tatu."

Nikaweka na mimi kikombe chini, nikamwambia aendelee.

Akaniambia kwamba alikuwa amesikia kwa mwalimu wako habari ya kidato cha tano. Kuleta kitu nyumbani nilishamkataza mbele za watu. Kwa hiyo alikwenda mahakamani na godoro. Alilifunga kwa kamba, akalipandisha juu ya basi kutoka Rungwa, akakaa nalo kwenye benchi ili hakimu aone. Tulipoitwa mara ya tatu nami sipo, akalibeba, akarudi nalo. Nikadhani ananipigia hadithi. Akanyanyua macho tu, akanionyesha juu ya boriti za banda. Lipo. Nailoni yake bado ipo, pembe moja panya wamekula.

Sasa, usije ukamfanya malaika. Nilimwuliza kwa nini hakurudi tena, kwa nini miaka yote hakutuma hata sabuni kwa mkono wa mtu. Akasema alidhani nimeamua. Nikamwambia, "Na wewe ukafurahi." "Nilipumua," akasema. "Sitakudanganya. Niliona aibu, lakini nilipumua."

Basi mimi nilipumua stendi, yeye akapumua kwenye benchi, na ninyi mkabaki katikati.

Nilirudi na nta yangu, na hilo neno likanikalia. Kikundini huja yule msaidizi wa sheria, Dada Pili, mwembamba mwenye miwani. Nikamwuliza habari ya jirani yangu mmoja. Nikasema jirani huyu aliachana na mume aliyefilisika, je, watoto wanaweza kudai? Dada Pili akaniuliza jirani ana watoto wangapi. Nikasema wawili. Akauliza, "Na huyo jirani naye anauza asali?" Wenzangu wote wakaangua kicheko, nikaona sina pa kujificha.

Akanieleza taratibu, nami nakuandikia kama nilivyoelewa, ingawa wewe unalijua kuliko mimi. Benki na wakulima wamo kwenye mstari, wanagawana kilichopo. Mtoto hayumo kwenye mstari huo, mtoto anakula leo na kesho. Kufilisika kunaweza kumfanya hakimu apange kiwango kidogo, kwa sababu hakimu anapima mfuko wa mzazi, na mfuko ukibadilika, upande wowote unaweza kurudi kuomba kiwango nacho kibadilike. Lakini hakumwondolei mtu uzazi wake. Nikamwambia, kumbe hata kama angepangiwa kitu kidogo kama cha kununulia chumvi? Akasema hata hicho, mama. Ila ukienda. Ni lazima uende.

Nikamwuliza kuhusu wewe. Akasema umeshavuka umri, yako imepita. Alilisema kwa upole, lakini lilinipiga. Ya Rahabu bado ipo. Yupo kidato cha pili, ana miaka yake kadhaa. Kwa hiyo nimefungua shauri upya, la Rahabu peke yake. Baba yako ameshapata hati ya wito, na amenitumia salamu kwamba atafika. Zefania nimemwambia naye aje, akae nyuma, asikie kwa masikio yake marehemu anavyojibu.

Sasa ndiyo nakuomba jambo, na ndilo lililonifanya niandike leo na si mwezi ujao. Jalada la Rahabu lipo hapo hapo unapoanza kazi Jumatatu hii. Usilishike, mwanangu. Siku ya kwanza kabisa, kabla hujaonyeshwa pa kukaa, mwambie mkubwa wako kwamba kuna shauri la mama yako na baba yako, apewe karani mwingine. Usinisaidie. Najua moyo wako, utataka kulisogeza juu ya mengine. Ukilisogeza, watasema mama mwenye asali amempeleka binti yake mahakamani kupanga majalada, na watakuwa hawajakosea. Na lile la zamani, ukitaka kuliona, omba kwa mkubwa wako, ulisome mchana mbele ya watu. Ndani imeandikwa kwa ufupi tu: mdaiwa yupo, mdai hayupo, shauri limefutwa. Dada Pili alinisomea. Maneno machache hivyo, na mwaka wako mzima umo ndani.

Liko jambo moja linanitisha kuliko mahakama. Kwenye mahafali yako ya chuo baba yako alikuja, akasimama nje ya geti na shati lake la kuazima. Ulimwona. Ulimpita kama unavyopita nguzo ya umeme. Mimi nilikuwa kando yako, na badala ya kusimama nilikushika mkono nikakaza mwendo, kama askari anayemsindikiza waziri. Nilikuwa najua. Wakati huo sikujua habari ya godoro wala ya benchi, lakini nilijua kwamba mahakama haikusema nilichokwambia. Ningeweza kusimama pale na kukwambia. Badala yake nilinunua maua ya plastiki na kukuvisha shingoni.

Sikwambii umpende. Ana deni lake kwako na atalijibu mwenyewe, mimi si wakili wake. Ninachosema ni kwamba sehemu ya hasira uliyompa ilikuwa yangu, na nimekuja kuichukua. Ukinikasirikia, nikasirikie. Piga simu ugombe, nitapokea. Ila usinyamaze. Kimya chako kile cha mwaka wa maandazi sitakiweza mara ya pili. Asubuhi nilikusikia ukiimba huko uani huku unapanga nguo, na kila uliponyamaza kidogo nilidhani umeshajua.

Siku moja nawe utaletewa karatasi, na mtu mpole atakuuliza kama umeelewa. Usimjibu kwa cheo chako, ingawa utakuwa nacho, na kikubwa. Mwambie asubiri, soma. Na siku ukihitaji kitu, sema unahitaji, hata kama mke wa mwenye duka anachungulia. Mimi nimejifunza nikiwa na miaka hamsini na mbili, nikiwa nimelipa kwa cherehani, kwa nyumba, na kwa kidato chako cha tano. Kingine sitaki kulipa.

Nasikia sauti yenu njiani, Rahabu anacheka. Chini ya sketi nimeweka pia chupa ya asali ya mizinga mipya. Hiyo si rushwa, ni asali. Mpe na mwenyeji wako aonje, umwambie imetoka kwa nani, maana Itigi nzima hakuna kama hii na hilo halibadiliki hata leo.

Shauri litaitwa saa tatu asubuhi. Baba yako atatoka Rungwa, Rahabu nitakuwa naye, Dada Pili atatukuta hapo, na Zefania amesema anakuja japo anakohoa. Mimi nitapanda basi la alfajiri, mikono mitupu. Akina mama wa kwaya wakiniuliza stendi safari ya wapi, nitawajibu kwamba nakwenda mahakamani kudai matunzo ya mtoto wangu. Utatuona sote, Jumatatu ya wiki yako ya pili kazini.

Mama yako,
Mama Yunis